Damu ya Mwezi: Tuwaambie Vijana Nini?



Katika mwaka wa kwanza wa upadri wangu nilitumwa kutembelea kapela moja, mwendo wa siku nzima kwa kinga kutoka misioni. Watoto kumi na saba walikuwa tayari kwa Komunyo ya kwanza. Asubuhi, kabla ya Misa, nikawahesabu: kumi na sita. Nikamwuliza katekista. Akatazama chini. Bibi yake ndiye aliyenijibu, kwa sauti ndogo: «Padri, yule binti ameingia mwezini jana usiku. Mama yake amemkataza kuvuka mlango wa kanisa.» Nami, niliyekaa miaka mingi katika seminari kubwa nikisoma filosofia na teolojia, nikajibu nini? Nikasema: «Basi, atapokea mwaka kesho.» Kiisha nikavaa mavazi ya Misa, nikaenda altareni.

Mwaka uliofuata niliporudi, wazazi wake walikuwa wamehamia Kalemie kutafuta kazi. Sikumwona mtoto yule tena.

Makala hii naiandika kwa sababu ya jibu lile. Lilikuwa jibu la mtu mwenye haya na asiyejua. Nadhani kati yetu sisi mapadri, na ninyi waseminari, na ninyi wakatekista, wako wengine ambao wangejibu vilevile. Tumezaliwa na mama, tumekua pamoja na dada, lakini jambo hili tumelipita pembeni kama mtu anayepita mbele ya mlango uliofungwa. Walakini watu wanatuuliza. Binti anamwuliza bibi wa katekista, yeye anamwuliza mume wake, naye anatuuliza sisi. Ni lazima tujue la kujibu.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu watu husema binti «yuko mwezini», ao «ameona mwezi». Waswahili wa pwani hutumia neno walilopata kwa Waarabu, hedhi. Wengine husema tu: «Ni mgonjwa.» Neno hilo la mwisho silipendi. Binti akisikia tangu siku ya kwanza kwamba ni mgonjwa, atajihesabu mgonjwa kila mwezi mpaka uzee wake. Na siku atakapokuwa mgonjwa kweli hatajua kutofautisha.

Basi damu hii inatoka wapi? Ndani ya mwili wa mwanamke, chini ya kitovu, liko tumbo la uzazi. Kwa mwanamke asiye na mimba ni dogo, kama ngumi ya mtoto. Kuta zake ni nyama yenye nguvu nyingi. Kuume na kushoto kuna vifuko viwili vya mayai, kila kimoja kama chikichi moja kubwa, na kutoka kwa kila kifuko kuna mrija unaoingia katika tumbo la uzazi. Mayai hayo si kama ya kuku. Yai la mwanadamu ni dogo sana, karibu sehemu ya kumi ya milimita; mwenye macho makali angeliona kama alama iliyowekwa na ncha ya sindano. Ndiyo maana watu wa zamani hawakulijua. Wataalamu wa Ulaya walibishana miaka elfu mbili juu ya namna mtoto anavyoanza, na ni mwaka 1827 tu Karl Ernst von Baer alipoliona yai la mnyama anyonyeshaye, katika mwili wa jibwa. Mtu asituambie basi kwamba wakubwa wetu peke yao walikuwa wajinga.

Mtoto wa kike anazaliwa na mayai yake yote. Hatengenezi mengine. Siku ya kuzaliwa ni milioni moja ao mbili. Anapokuwa binti yamebaki kama laki tatu ao nne. Na katika maisha yake yote ni karibu mia nne tu yatakayokomaa na kutoka. Mama anapobeba mimba ya binti, tayari anabeba pamoja naye mbegu za wajukuu wake. Nilipolisoma jambo hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo.

Chini ya ubongo iko tezi ndogo kama punje ya kunde. Mtoto anapofika umri wake, tezi hiyo huanza kupeleka wajumbe katika damu. Wanganga huwaita homoni. Wajumbe wale huamsha vifuko vya mayai, navyo vinatuma wajumbe wao. Hapo mwili unabadilika: maziwa yanaanza kuota, nywele zinaota kwapani na mahali pa siri, mifupa ya nyonga inapanuka, binti anarefuka upesi. Kwa kawaida, kama miaka miwili kiisha maziwa kuanza kuota, damu ya kwanza inaonekana. Kwa wengi ni kati ya miaka 10 na 15. Ninyi wakatekista, angalieni vizuri hesabu hii. Msifikiri kwamba jambo hili ni la mabinti wakubwa wanaotaka kuolewa. Liko katika darasa lenu la Komunyo ya kwanza na la Kipaimara. Katika Ulaya ya kaskazini, karne ya 19, mabinti wengi walingoja mpaka miaka 16 ao 17, kwa kuwa walikula vibaya na kuumwa mara nyingi. Mtoto anayekula vizuri huanza mapema zaidi. Mama mkubwa anayesema «sisi tulikuwa wakubwa tulipoanza» hasemi uwongo.

Sasa kila mwezi huenda hivi. Yai moja linaanza kukomaa. Wakati huo tumbo la uzazi linatandika ukuta wake kwa ngozi laini yenye damu nyingi, kama mama anayetandika mkeka mpya kwa sababu amesikia kwamba huenda mgeni atakuja. Yai linatoka, linaingia katika mrija. Likikutana na mbegu ya mwanaume, mtoto anaanza, anashuka, anakuta kitanda chake. Lisipokutana nayo, linakufa kwa muda wa siku moja hivi. Siku zinapita, mgeni hakuja, wajumbe katika damu wanapungua, na mkeka unaondolewa. Ngozi ile laini inabanduka na kutoka pamoja na damu kidogo. Ndiyo damu ya mwezi. Kiisha mwili unatandika tena.

Kwa hiyo damu hiyo si uchafu uliokusanyika mwilini. Ni damu ileile inayotoka kidoleni ukijikata na kisu, nayo imechanganyika na vipande vya ngozi iliyotayarishwa kumlisha mtoto. Wala si nyingi kama mabinti wanavyodhani wanapoogopa: kwa siku zote pamoja ni kama vijiko viwili ao vitatu vya mezani. Ikipita mililita 80, wanganga huhesabu kwamba ni nyingi kupita kiasi.

Damu hutoka siku mbili mpaka saba. Toka siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu inayofuata, watu husema siku 28, kwa kuwa zinakaribia mwezi wa mbinguni. Lakini mwezi wa mbinguni haumwamuru mtu. Mwanamke mzima mwenye afya anaweza kuwa na siku 21, mwingine 35. Kwa binti anayeanza inaweza kufika siku 45, na miaka miwili ya kwanza hesabu huwa haitengenei: mwezi huu anaona, ujao haoni, kiisha anaona mara mbili karibu. Hapo wazazi wengine huanza kumshitaki binti kwamba ana mimba. Nawaombeni, kabla ya kumpiga mtoto, mwulizeni munganga. Damu hukawia kwa sababu ya umri tu, ao kwa njaa, ao kwa ugonjwa, ao kwa huzuni na hofu kubwa. Katika nchi yetu, ambamo watu wengi wamekimbia vijiji vyao na kulala porini, mabinti wengi wanaweza kukosa mwezi pasipo kosa lolote.

Nimetaja hesabu, lazima niseme pia hatari yake. Munganga mmoja wa Japani, Kyusaku Ogino, alionyesha mwaka 1924 kwamba yai hutoka karibu majuma mawili kabla ya damu inayofuata. Munganga Hermann Knaus wa Austria akafikia karibu jambo hilohilo kwa njia nyingine. Tazameni vizuri: ni kabla ya damu inayofuata, si nyuma ya ile iliyopita. Mtu anahesabu akirudi nyuma, kutoka siku ambayo bado haijafika. Kwa mwanamke ambaye siku zake ni sawasawa, anaweza kukisia. Kwa binti wa miaka kumi na minne ambaye siku zake zinaruka kama panzi, hakuna hesabu inayosimama. Tena mbegu ya mwanaume inaweza kuishi ndani ya mwanamke hata siku tano. Vijana wetu wa masomo ya sekondari hupeana kalenda ndogo na kusema: siku hizi hazina neno. Wanadanganyana. Na kwa kuwa yai hutoka kabla ya damu, binti anaweza kupata mimba hata kabla ya kuona damu yake ya kwanza. Nimewaeleza vijana jambo hili bila kuwatisha, na niliona kwamba walisikia kuliko siku zote nilizowahubiri kwa ukali. Juu ya watu wa ndoa na siku zisizo za uzazi, wasomaji wanajua hotuba ya Papa Pio XII kwa wazalishaji, mwaka 1951, na barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1968, sirudii hapa.

Liko kosa lingine, zito zaidi. Wako wazee wanaosema: ameona mwezi, basi amekuwa mwanamke, aolewe. Hapana. Damu ya kwanza ni mwanzo wa njia. Mifupa ya nyonga inaendelea kukua miaka mingine kadhaa, na mtoto wa miaka kumi na mitatu akizaa anaweza kukwama siku mbili ao tatu, mtoto wake akafa, naye akabaki na kidonda cha ndani kinachovujisha mkojo mchana na usiku. Wanganga wa hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999, wamewashona wanawake wengi wenye kidonda cha namna hiyo. Waseminari watanikumbusha kwamba kanuni ya 1083 ya sheria ya Kanisa inataja miaka 14 kwa mwanamke. Ni kweli, kwa uhalali wa ndoa tu. Kanuni ya 1072 inatuagiza tuwazuie vijana wasioe na wasiolewe kabla ya umri wa kawaida wa nchi. Na sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inakataza kumposa na kumwoa mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Katekista anayekubali kupokea kreti ya bia ili aandike umri wa uwongo katika kitabu cha ndoa, ajue anachokifanya.

Sasa nije kwa mama yule aliyemkataza binti wake mlango wa kanisa. Alikuwa mtu mbaya? Hata kidogo. Alikuwa akiheshimu mambo matakatifu kama alivyofundishwa na mama yake. Kwa Wabemba na jirani zao, mwanamke aliye mwezini hagusi moto wa jikoni wala hatii chumvi katika chakula cha watu. Tusicheke. Plini wa Roma, aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba mwanamke wa namna hiyo akikaribia divai mpya inachacha, na akigusa mbegu hazioti. Na hata mwaka 1920, katika mji wa Vienna, munganga Béla Schick aliandika kwamba maua aliyoyashika mtumishi wa kike aliyekuwa mwezini yalinyauka, naye akafikiri kuna sumu mikononi mwake. Wengine waliyajaribu maneno yake, hayakusimama. Chumvi inayotiwa na mwanamke aliye mwezini ni chumvi tu. Nimekula bukari na sombe iliyopikwa na wanawake wa kila siku ya mwezi, na bado ninaandika.

Lakini desturi zilezile zilikuwa na kitu chema ndani yake. Wabemba walikuwa na kisungu, mafundisho ya binti anapopata damu ya kwanza. Bibi Audrey Richards, Mwingereza, aliyaona mwaka 1931 upande wa nchi ambayo leo ni Zambia, akayaandika katika kitabu mwaka 1956: siku nyingi za ngoma, nyimbo na sanamu za udongo, chini ya mama mwalimu aitwaye nachimbusa. Wamisionari wengi wa zamani waliyakataza, kwa sababu kulikuwa na mambo ndani yake yasiyopatana na imani. Huenda walikuwa na haki kwa mambo fulani. Lakini matokeo yake? Tulimwondoa mwalimu, hatukuweka mwalimu mwingine mahali pake. Binti wa leo hana nachimbusa, na mama yake anamwachia mwalimu wa masomo, na mwalimu anamwachia Sista, na Sista yuko misioni, mbali kilometa sitini. Mtoto anaona damu asubuhi moja akifua mtoni, anadhani anakufa.

Kwa upande wa Maandiko, watu wanatutajia kitabu cha Walawi, sura ya 15. Tuisome yote, si nusu. Ni kweli kwamba mwanamke mwenye damu ya mwezi alihesabiwa najisi siku saba. Lakini mistari michache juu yake inasema mwanaume naye ni najisi mpaka jioni anapotokwa na mbegu yake, na mume na mke pamoja baada ya kulala. Mistari ile wanaume huisahau upesi. Tena kwa damu ya kawaida ya mwezi sheria haikudai sadaka yoyote. Siku zikiisha, zimekwisha. Najisi haikuwa dhambi. Ilikuwa sheria ya ibada ya hekalu, nasi hatuko tena chini yake, sawasawa na vile tunavyokula nguruwe.

Kiisha tufungue Marko, sura ya 5. Mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, aliyemaliza mali yake kwa wanganga, anapenya katikati ya watu na kugusa vazi la Bwana. Kwa sheria ya zamani alipaswa kumchafua kila aliyemgusa. Yezu hamkemei, hajifuti. Anamwita binti yake, mbele ya watu wote. Na mahali palepale, katika sura ileile, anakwenda kumfufua binti wa Yairo, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili, umri ambao mabinti wengi wanakaribia damu yao ya kwanza. Anamshika mkono, kiisha anaagiza apewe chakula.

Wandugu waseminari wapendao historia ya Kanisa watafurahi kujua kwamba mababa hawakupatana juu ya jambo hili. Dionisi wa Aleksandria, katika karne ya 3, alifikiri kwamba wanawake wakiwa mwezini wasikaribie meza takatifu, naye akatoa mfano wa mwanamke yuleyule: aligusa pindo la vazi tu, alisema, si Bwana mwenyewe. Katika karne hiyohiyo kitabu cha Siria kiitwacho Didaskalia kilimtaja mwanamke yuleyule na kufundisha kinyume: mbatizwa hapotezi Roho Mtakatifu siku saba kila mwezi, basi asali na apokee. Na Beda, katika historia aliyoimaliza mwaka 731, ametuhifadhia majibu ya Papa Gregori Mkuu kwa Agostino wa Kanterberi: mwanamke asizuiwe kuingia kanisani katika siku hizo, wala asizuiwe kupokea Ekaristia. Akijinyima mwenyewe kwa heshima, asifiwe, akipokea, asihukumiwe. Sheria ya leo ni fupi: kanuni ya 912 inasema kila mbatizwa asiyekatazwa na sheria anaweza kupokea na lazima akubaliwe. Damu ya mwezi haitajwi popote kati ya mambo yanayokataza. Jibu nililopaswa kumpa mama yule lilikuwepo tangu zamani za Papa Gregori. Nilikuwa nalo katika kabati langu la vitabu.

Sasa tufanye nini? Mimi sisemi padri awakusanye mabinti na kuwaeleza mwenyewe. Katika vijiji vyetu wangeinamisha vichwa na wasisikie neno. Tafuteni mama mwenye akili na heshima: bibi wa katekista, mzalishaji wa kituo cha afya, Sista akipatikana. Mpeni saa moja kabla ya kipindi cha Komunyo na cha Kipaimara, na ninyi ondokeni. Sisi tuseme na akina baba, kwa maana baba ndiye mwenye kushika franka za nyumba, na binti anahitaji sabuni, vitambaa na nguo ya ndani. Baba mmoja aliniambia kwamba hajawahi kumpa binti wake franka kwa ajili hiyo, kwa sababu hakujua kwamba kuna gharama. Alikuwa na mabinti wanne.

Mama mwalimu awafundishe hivi. Kitambaa kiwe cha pamba, safi, kikunjwe vizuri. Kibadilishwe kila saa nne mpaka sita, hata kama damu ni kidogo. Kifuliwe kwa maji safi na sabuni, kiisha kianikwe juani. Hapo ndipo penye shida. Mabinti hukificha chini ya godoro, kwa haya, ao kwa hofu kwamba mchawi atakiiba. Kitambaa kinachokaushwa gizani kinabaki na unyevu na vijidudu, kinaleta upele na harufu mbaya. Kama hawataki kuonekana, waanike na kufunika kwa kitenge chepesi. Jua na hewa vitapita. Mwili uoshwe kila siku kwa maji, nje tu, pasipo kutia sabuni ao majani ndani. Anaweza kuoga, kulima, kucheza mpira, kupika, kuimba katika kwaya.

Maumivu ya tumbo siku ya kwanza ao ya pili ni ya kawaida: tumbo la uzazi linajikaza ili kutoa ngozi ile. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa juu ya tumbo inasaidia, na kutembea kunasaidia, na dawa ya maumivu ya kituo cha afya pia. Lakini maumivu yanayomlaza binti kila mwezi na kumkosesha masomo si ya kuvumiliwa tu. Vilevile damu inayopita siku saba, ao inayolowesha kitambaa kila saa moja, ao inayokosekana miezi mitatu baada ya kuwa imezoea kuja, ao homa pamoja na harufu mbaya, ao binti aliyetimiza miaka 15 ambaye bado hajaona kitu: wote hao waende kwa munganga, si kwa mfumu.

Juu ya chakula neno moja. Damu inayotoka inabeba chuma cha mwili. Binti ambaye ana malaria mara kwa mara na minyoo tumboni, kiisha anapoteza damu kila mwezi, anapauka, anachoka, analala darasani, na mwalimu anamwita mvivu. Ale sombe, lengalenga, maharagwe, na ndagala wa ziwa letu, na akamulie ndimu juu yake, kwa maana ndimu inasaidia mwili kushika chuma. Chai angoje kidogo baada ya kula. Katika nyumba nyingi samaki na nyama hupewa wanaume kwanza. Nimeona hivyo hata mezani kwa wakatekista.

Kwa kapela na masomo yetu naomba vitu vitatu vidogo: choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, ndoo ya maji, na mahali pa kutupia. Padri anayejenga mnara wa kengele kabla ya mlango wa choo cha mabinti, sijui atamwelezaje binti wa Yairo.

Na wavulana? Watu husahau kwamba nao wanapaswa kufundishwa. Hao ndio wanaocheka binti anaposimama darasani na nguo imepata alama, na kwa kicheko kimoja mtoto anaacha masomo. Mwaka uliopita katekista mmoja kijana aliniuliza: «Padri, jambo hilo likitokea katikati ya mafundisho, mbele ya wote, nifanye nini?» Nikamwambia asisimamishe mafundisho. Awatoe wavulana nje kwanza, kwa kazi yoyote: kuchota maji, kufagia uwanja. Kiisha amwite bibi yake aje na kitenge, na binti ajifunge, aende kuoga. Akirudi, akae mahali pake palepale, aulizwe katekismu kama wengine.

Katekista akaniuliza tena: «Na kama siku hiyo ni siku ya Komunyo yake?» Nikamjibu kwamba kitenge kinatosha, na kwamba Misa itamngoja.